Wanapima kioo, nani atapima vumbi?

Tangu wiki kadhaa habari moja inazunguka mu telefone za watu, kutoka Likasi mpaka Kolwezi, na sasa imefika mpaka kwa bamama wa soko: ati aparei za foto za zamani, zile nzito za chuma walizotuachia bazee, ziko na sumu ya uraniumu ndani ya kioo, na zinaua mwenye nyumba polepole. Wasomaji wametuuliza. Mmoja, mtoto wa mpiga foto wa zamani, anataka kujua kama atupe sanduku lote la marehemu baba yake. Mwingine aliuliza kwa namna yake: kama uraniumu iko mule, wanunuzi wanalipa franga ngapi?

Tutajibu wote wawili. Kisha tutasema jambo ambalo hakuna aliyetuuliza, na kwetu njo kubwa kupita yote.

Habari ile haiko uongo mtupu. Kuna lenzi za zamani, maana yake yale macho ya kioo ya mbele ya aparei, zenye radioaktivite ya kweli. Ukisogeza mashini ya kupima karibu yake, inaanza kulia. Lakini kitu kinachoiliza, mara nyingi haiko uraniumu. Ni toriumu.

Ilifikaje mule? Kupiga foto mahali penye mwanga kidogo kunataka jicho pana. Jicho likipanuka, kioo cha kawaida kinashindwa: picha inalegea pembeni, rangi zinaachana. Mu miaka ya 1930 mtaalamu wa vioo wa Marekani, George Morey, alionyesha njia ingine: kuchanganya ndani ya kioo madini adimu, zile ku shule wanaita «terres rares», na hasa lantani. Kioo cha namna hiyo kinapinda mwanga kwa nguvu bila kutawanya rangi. Kampuni ya Kodak ilichukua maarifa hayo, na viwanda vingine vikafuata. Toriumu nayo ilitiwa kwa sababu inafanya kazi ileile. Ndege za Marekani za vita ya pili ya dunia zilibeba lenzi kubwa za Aero-Ektar zenye kioo cha toriumu, kwa kupiga picha za nchi ya adui kutoka juu. Nyuma ya vita, mpaka miaka ya 1970, kioo hicho kilikaa pia mu aparei za watu wa kawaida, kama lenzi fulani za Takumar za Japani ambazo wapenzi wa foto wanazitafuta mpaka leo.

Tuweke hapa jambo moja sawa, juu ya kuwa limevuruga wengi. Toriumu na madini adimu haviko kitu kimoja. Ni majirani wa kiwanja kimoja. Mu jiwe linaloitwa monaziti vinakaa pamoja, na monaziti ni mojawapo ya mawe yaliyokuwa yanatafutwa kwa jirani zetu wa Burundi, kule Gakara, walipouza nje kuanzia 2017 mpaka serikali yao iliposimamisha kazi mwaka 2021. Lakini lantani yenyewe, ikisafishwa, radioaktivite yake ni ndogo kabisa. Lenzi nyingi za leo zina kioo cha lantani bila toriumu, na mashini haisemi kitu. Kusema «kioo cha madini adimu kinaua» ni kumfunga mtu kwa kosa la jirani yake.

Kioo cha toriumu kinajitambulisha chenyewe kidogo. Miale inakivuruga kutoka ndani, na kisha miaka mingi kinageuka manjano, wakati mwingine mpaka rangi ya chai. Wenye lenzi hizo wanaziweka dirishani kwa jua siku nyingi, na rangi inapotea polepole. Aliye na moja na anaona foto zake zinatoka za manjano, ajaribu. Jua la Katanga halilipiwi.

Sasa, inaua? Miale inahesabiwa kwa milisieverti, sawa vile muzigo unavyohesabiwa kwa kilo. Wakubwa wa usalama wa nyuklia wa Marekani walifanya hesabu yao: mpiga foto wa kazi, anayetembea na lenzi yenye toriumu ya juu kabisa, anapata karibu milisieverti 0.02 kwa mwaka. Mtu yeyote duniani, hata yule asiyegusa jiwe wala aparei, anapata kwa wastani 2.4 kwa mwaka kutoka udongoni, angani na mu chakula. Lenzi inamwongezea mpiga foto chini ya sehemu moja ya mia ya kile ambacho Mungu alikwisha kumpimia.

Kwa hiyo kwa mtoto wa mpiga foto: usitupe sanduku la baba. Weka mu kabati, usilaze lenzi chini ya mto wa mtoto, usiivunje. Na kama baba aliacha negativu za watu wa mtaa, hizo njo mali; zitunze kuliko aparei. Kwa yule mwingine: mu lenzi kuna gramu chache za toriumu, zimeshikwa na kioo, na hakuna mnunuzi wa haki anayezitaka. Atakayekuja usiku na kukuahidia maelfu ya dola kwa «uraniumu ya aparei» anataka kukuibia, ao anataka kukufunga. Wote tunawajua watu waliouza nyumba juu ya hadithi za namna hiyo.

Hapa tungeweza kusimama. Lakini ndani ya ile sheria ya Marekani juu ya lenzi kuna mstari ambao sisi, watu wa mashimo, tunapashwa kuusoma mara mbili.

Sheria inasema hivi: lenzi iliyokwisha kutengenezwa, mtu anaweza kuwa nayo bila leseni, hata kama lenzi ya zamani iko na toriumu mpaka asilimia 30 ya uzito wake. Lakini ruhusa hiyo haimfikii mtu anayekata kioo hicho, anayekisugua, anayekingʼarisha. Huyo, sheria inamwambia: simama, wewe unahitaji leseni na ulinzi. Toriumu ni ileile, kioo ni kilekile. Mmoja anakaa nacho nyumbani miaka 40 bila kuulizwa, mwingine hawezi kukigusa bila ruhusa. Tofauti kati yao ni vumbi.

Na haiko ajabu. Miale mikubwa ya toriumu na ya uraniumu ni ya namna inayoitwa alfa. Karatasi moja inaizuia. Ngozi ya mkono inaizuia. Ikiwa imefungwa ndani ya kioo, haitoki mbali. Lakini ukivunja jiwe lake, ukalisaga, vumbi likapanda, ukalivuta, sasa halina tena karatasi wala ngozi mbele yake. Linalala mu mapafu, nyama kwa nyama, mwaka kwa mwaka, na kati ya magonjwa yanayotoka mule iko kansa ya mapafu. Tena, vumbi hilo halitembei peke yake. Mawe mengi yako na silika, na silika inaharibu mapafu hata kama radioaktivite ni sufuri. Kikohozi cha karieri, ambacho tumekizoea kama baridi ya mwezi wa sita, kiko na majina mengi.

Basi tuangalie mikono yetu. Nani hapa anakaa siku nzima na jiwe zima, bila kulivunja? Mchimbaji anapiga jiwe. Mwingine anatwanga. Bamama na watoto wanachekecha na kuosha. Vumbi linakaa mu nywele, mu nguo, linaingia nyumbani, linakaa ku kitanda. Kazi yetu, tangu asubuhi mpaka jua kuzama, ni ileile ambayo sheria ya lenzi inakataza kufanya bila leseni.

Ndugu zetu wa Kivu wanachimba koltani, na koltani inabeba uraniumu na toriumu ndani ya jiwe lenyewe. Haiko uchafu unaoweza kuosha kwa maji. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2007 juu ya wachimbaji wa mikono wa mashariki ya nchi hii walikadiria kwamba mtu anaweza kufika milisieverti 18 kwa mwaka, na njia kubwa ni vumbi la kusaga na kuchekecha. Wekeni namba mbili hizo pamoja: 0.02 kwa mpiga foto wa Marekani, mpaka 18 kwa kijana wa koltani. Ni mara 900. Mpiga foto njo aliyefanyiwa hesabu na sheria. Kijana, hata jina la kipimo hajawahi kulisikia.

Mfanyakazi wa kiwanda cha nyuklia cha Ulaya anaruhusiwa kupata milisieverti 20 kwa mwaka kwa wastani, lakini huyo anavaa kifuani kijikadi kinachoandika kila kitu anachopata, anapitishwa ku radio na ku monganga, na akikaribia mpaka anatolewa. Mtu wa kawaida, asiyevaa kijikadi, mpaka wake ni 1. Kijana wa karieri hana kijikadi, hana kontra, hana monganga. Kwa karatasi yeye ni mtu wa kawaida. Kwa vumbi yeye ni mfanyakazi wa nyuklia.

Hatusemi kila shimo iko hivyo. Mashimo mengi ya shaba na kobalti ya kwetu hayana uraniumu ya kuhesabika. Mengine iko nayo, na jicho haliwezi kutofautisha. Katanga haina haki ya kusema haikujua. Shinkolobwe ilionekana mwaka 1915. Kutoka mule Union Minière ilipata radiumu iliyosafishwa kule Olen, Ubelgiji, na kisha uraniumu ya bomu za Marekani. Mashimo yalizibwa kwa betoni karibu na uhuru. Yakafunguka tena kwa mikono ya watu waliokuja kutafuta kobalti. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2004 dekreti ya rais ilifunga mahali pale. Mwezi wa saba mwaka uleule sehemu ya mgodi ilianguka na kuua watu. Na ilikuwa tu kisha vifo hivyo ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuja na mashini za kupima. Na nchi hii njo ilikuwa ya kwanza mu Afrika kuwa na reakta ya nyuklia, kule Kinshasa, mwaka 1959. Maarifa tuliyo nayo ni ya zamani. Njia kutoka Kinshasa mpaka ku shimo njo haijamalizika.

Kuna jambo moja linalotukasirisha kupita yote, na tunaliandika wazi. Koltani inapimwa. Maboti hayapokei konteneri bila kujua iko na nguvu gani. Muzigo ukivuka kiwango cha sheria za usafirishaji, unapata karatasi zake, alama yake ya pekee, na kampuni zingine zinaukataa kabisa. Maana yake mashini za kupima ziko. Watu wanaojua kuzitumia wako. Mfuko unapimwa ili mtu wa bandari asiumie kwa kukaa karibu nao siku mbili. Yule aliyeutoa chini ya udongo, aliyeusaga, aliyelala juu yake akingoja bei, hakuna anayemwambia namba iliyoandikwa ku karatasi ile.

Tunajua jibu tutakalopewa, kwa sababu limetoka kwanza kwa wachimbaji wenyewe. «Mukileta mashini, watafunga shimo. Tutakula nini?» Haiko woga wa bure. Shinkolobwe ilipofungwa, watu waliokuwa wanaishi pale walifukuzwa, na nani aliwapa kazi ingine? Wengi walirudi kuchimba kwa kujificha, gizani, bila mbao ya kuzuia udongo, na hali yao ikawa mbaya kuliko mbele. Mzee mwenye watoto sita hawezi kuchagua kati ya njaa ya kesho na ugonjwa wa kisha miaka 20. Atachagua kula, na sisi tungechagua vilevile.

Lakini kupima haiko kufunga. Kati ya mashimo kumi ya karieri moja, inawezekana mawili tu yana shida. Bila mashini, yote kumi yanashukiwa, ao yote kumi yanaachwa. Mara nyingi dawa haiko kufunga hata hayo mawili: ni kulowanisha jiwe mbele ya kulipiga, kupitisha hewa ndani ya shimo, kukataza watoto kukaa pale wanaposaga. Kufunga kwa ghafula kunakuja pale ambapo hakuna aliyepima mapema, na wakubwa wanashituka siku ya maiti. Mchimbaji anayekimbia mashini leo anajitayarishia dekreti ya kesho.

Na ku nyumba? Kuna vitu vidogo visivyongoja serikali, na bamama njo wenye mamlaka juu yake. Jiwe lisisagwe ndani ya nyumba wala ku kiwanja watoto wanapocheza. Kama ni lazima kusaga, limwagiwe maji kwanza. Vumbi lililolowa halipandi puani. Beseni la kuoshea mawe lisirudi kuoshea sombe. Nguo za shimo zivuliwe inje, zifuliwe peke yake, na atakayezifua asizikungʼute zikiwa kavu. Mifuko ya mawe isilale mu chumba cha kulala: mawe yenye uraniumu yanatoa pia hewa isiyo na harufu inayoitwa radoni, na chumba kidogo chenye dirisha lililofungwa kinaijaza kwa watu wanaolala. Kitambaa puani kinasaidia kidogo, maski ya kweli inasaidia zaidi, maji yanasaidia kupita vyote na njo ya bei nafuu.

Tena kuna yale mawe mazuri. Kila mtu aliyepita mu mashimo ya Kolwezi ao ya Likasi anayajua: ya kijani kama jani jipya, ya manjano makali, ya rangi ya chungwa, yanayometameta. Wazungu wa makusanyo wanayapenda, na kwetu mtu anayaweka ku salo karibu na televisheni. Malakiti ya kijani haina neno. Lakini kati ya yale ya kijani-kibichi na ya manjano makali iko mengine ambayo ni uraniumu kweli, yanapukutika kwa kidole, na mtoto anayachezea. Mtu anayeogopa aparei ya babu na anafuga jiwe la namna hiyo karibu na sahani, ameangalia kabati lisilo lake.

Neno fupi kwa basudere wa izini, kwa kuwa toriumu iko kwao pia. Ile fimbo ya tungsteni yenye kichwa chekundu ya kuchomea iko na asilimia 2 ya toriumu. Kuishika haina shida. Kuinoa bila maski, na kupuliza vumbi lake mezani, hapo njo shida. Na wenye taa za koleman za zamani: ule mfuko mdogo mweupe unaowaka, mingi ilitengenezwa na toriumu, ukivunjika, usipulize majivu yake, yafute na kitambaa cha maji. Utaona tena ni hadithi ileile, kitu kizima na kitu kilichogeuka vumbi.

Tunachoomba kiko kidogo, na tunajua wa kumwomba. Sheria juu ya kujilinda na miale iko mu nchi hii tangu 2002. SAEMAPE inatembea mu mashimo ya wachimbaji wa mikono. Itembee na mashini ya kupima, hata moja kwa eneo lote, kwa kuanzia. Wataalamu wa nishati ya atomiki wa Kinshasa wafundishe vijana wa kwetu kuisoma. Haiko kazi ya profesa, kijana aliyemaliza shule ya sekondari anaweza kuijua kwa siku chache. Koperative zitie kipimo mu mapatano yao na wanunuzi, kama vile zinavyotia mizani. Na kila depo inayopima mfuko kwa ajili ya boti iandike namba ileile ku ubao, mlangoni, kwa Kiswahili, ili aliyeleta mfuko aisome mbele ya kupokea franga zake. Hilo la mwisho halitaki hata mashini mpya. Linataka chaki.

Mchimbaji ao mama yeyote aliye na karatasi ya kipimo, ya jiwe lake ao ya kifua chake, ailete ku ofisi yetu. Hatutaandika jina lake. Depo itakayoanza kuandika namba ku ubao, itujulishe vilevile. Hiyo, jina lake tutaliandika kwa herufi kubwa.